Ubao Uliovimba

Mjomba wangu hakuutazama ubao niliompelekea. Aliupapasa. Alikuwa amekaa barazani saa za alasiri, akaulaza juu ya mapaja yake, akapitisha kiganja mara mbili, kwanza kwa urefu na kisha kwa upana, halafu akaniambia neno moja tu: "Imevimba."

Nilidhani hakuelewa. "Mjomba," nikamwambia, "hii ni nakshi ya mnyororo na mawaridi, ile ile ya mlango wa kwa Bibi."

"Naijua, mwanangu. Mnyororo nauona na mawaridi nayaona. Lakini hii imevimba, haikuchongwa."

Akanirudishia ubao wangu, akaniuliza habari za watoto.

Ilinichukua muda mrefu kulielewa neno lile. Nilipolielewa niligundua kwamba ndani yake mlikuwa na historia nzima, na sehemu kubwa ya historia hiyo haikutokea Unguja. Ilitokea Birmingham, Michigan na Paris, katika mikono ya watu ambao hawakuwahi kuufikiria mlango wa Mswahili. Ndiyo maana nimeona niiandike, japo mimi ni seremala na si mwanahistoria.

Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Walisema kweli, lakini mkono hawakuutaja. Mjomba alichonga milango kwa zaidi ya miaka hamsini. Alipofika umri wa kupumzika, ujuzi wake ulikuwa umekamilika na mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka. Hakuwa na mwanafunzi. Vijana waliopita karakana kwake walijifunza kupiga randa na kutengeneza makabati, kisha wakaenda zao, kwa sababu kabati hulipwa wiki hii na nakshi hulipwa mwezi ujao. Kwa hiyo mwenzangu wa karakana aliponunua mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, yenye meza ya upana wa mita 1.3 na urefu wa mita 2.5, mimi nilifurahi kuliko yeye. Yeye alifikiria makabati. Mimi nilifikiria mkono wa mjomba.

Mashine zenyewe huitwa CNC, yaani zinaongozwa kwa namba kupitia kompyuta. Jinsi zinavyofanya kazi si jambo gumu kulieleza. Kuna biti inayozunguka kwa kasi, na kuna injini tatu: moja huipeleka biti kushoto na kulia, ya pili mbele na nyuma, ya tatu juu na chini. Kompyuta hutoa maagizo mstari kwa mstari, kama huu: G1 X120.5 Y48.2 Z-3.7. Maana yake ni kwamba nenda moja kwa moja mpaka pale penye milimita 120.5 kwa upana na 48.2 kwa urefu, ukiwa umezama milimita 3.7 ndani ya mti. Nakshi moja ya ukubwa wa sinia huweza kuwa na mistari ya namna hiyo laki kadhaa. Mashine haijui waridi wala mnyororo. Inajua sehemu tatu za kwenda, na ikishafika, inauliza inayofuata.

Kuandika majina na kukata michoro bapa nilijifunza kwa siku chache. Shida ilikuwa ile namba ya tatu, namba ya kina. Katika nakshi inayoinuka, kila nukta ya ubao ina kimo chake, na lazima mtu au kitu kiamue kimo hicho ni kipi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kosa la kila anayeanza. Programu za kuchora nakshi huweza kuisoma picha ya rangi ya kijivu kana kwamba ni ramani ya vimo: nyeupe ndiyo juu kabisa, nyeusi ndiyo chini kabisa, na kati yake kuna ngazi za kijivu. Picha ya kawaida huwa na ngazi 256. Ukichonga kwa kina cha milimita 10, kila ngazi ni kama sehemu 4 za mia za milimita, nayo ni nyembamba kuliko unywele wa watu wengi. Nikajiambia, basi kazi imekwisha. Nikaupiga picha mlango wa kwa Bibi, nikaiingiza picha kwenye kompyuta, nikaiamuru mashine ichonge.

Kilichotoka kilikuwa kichekesho. Njumu ya shaba iliyong'aa juani iligeuka mlima. Doa la mafuta karibu na komeo likawa shimo. Upande mmoja wa kila waridi ulipanda na upande wa pili ukaporomoka, kwa sababu jua lilikuwa limetoka kushoto. Pale ndipo nilipojifunza somo la kwanza, kwamba kivuli si kina. Mchongaji huchimba kina ili apate kivuli. Mimi nilikuwa nimeipa mashine kivuli nikaitaka inirudishie kina, nayo haikuwa na njia ya kujua.

Nikaacha picha, nikaanza kuchora. Katika programu hizi unachora mpaka wa jani au ua, kisha unachagua umbo la kuujazia: kuba, mteremko au bapa. Unabonyeza, na ndani ya mpaka ule sura ya kitu inainuka kama mkate tanurini. Nilifurahi sana. Kila petali ya waridi niliipa kuba lake, kila kiungo cha mnyororo kikapata mgongo wa mviringo. Mashine ilifanya kazi kwa zaidi ya saa tatu. Huo ndio ubao niliompelekea mjomba akaniambia umevimba.

Niliporudi nyumbani siku ile nilikuwa nimeudhika, na mtu aliyeudhika hutafuta ushahidi. Nilianza kusoma habari za mashine za kuchonga nikitaka kuthibitisha kwamba mjomba anaikataa mashine kwa sababu ni mpya tu. Nilikuta kwamba si mpya hata kidogo.

James Watt, yule tunayefundishwa shuleni kwa habari za injini ya mvuke, alitumia miaka yake ya uzeeni katika chumba cha darini nyumbani kwake karibu na Birmingham, akitengeneza mashine za kunakili sanamu. Alizianza mwanzoni mwa karne ya 19, naye alifariki mwaka 1819. Fimbo moja ilipapasa sanamu ya asili, na kikatio kilichounganishwa nayo kikachonga nakala ile ile pembeni. Moja ya mashine hizo ilitoa nakala zenye ukubwa sawa na asili, na nyingine ilitoa nakala ndogo zaidi. Aliwagawia rafiki zake nakala hizo huku akitania kwamba ni kazi ya msanii kijana anayeingia mwaka wake wa 83. Chumba chake kilihifadhiwa na vyombo vyake, na mwaka 1924 kilihamishiwa katika Makumbusho ya Sayansi ya London.

Mwaka huo huo wa 1819, huko Marekani, Thomas Blanchard alipata hataza ya mashine ya kuchonga vitako vya bunduki kwa kufuata kielelezo. Mwaka 1845 Thomas Jordan alipata hataza ya mashine ya kuchonga mbao huko Uingereza, nayo ikatumika katika nakshi za Bunge jipya la Westminster, lililojengwa baada ya lile la zamani kuungua mwaka 1834. Kwa hiyo hata nakshi za fahari ya dola ile kubwa zilianzwa na mashine, miaka karibu arobaini kabla Sultani Barghash hajajenga Beit el-Ajaib mwaka 1883. Lakini mashine ya Jordan ilikata ule ukatizi wa kwanza tu. Makali, mashimo ya chini ya majani na uso wa mwisho vilimaliziwa kwa mkono.

Mashine zote hizo zilikuwa na jambo moja: zilihitaji kielelezo. Mtu alichonga kwanza, ndipo mashine ikapapasa. Mkono ulikuwa mama, mashine ikawa mtoto.

Mambo yaligeuka baada ya Vita Kuu ya Pili. Katika mji wa Traverse City, jimbo la Michigan, John Parsons alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta. Ili kupata umbo sahihi la bawa, yeye na mhandisi wake Frank Stulen walizitumia mashine za kadi za IBM kukokotoa nukta nyingi za ukingo wake. Kisha mafundi walisomewa namba zile, huyu akizungusha gurudumu la upande huu na yule la upande ule, wakakata nukta baada ya nukta. Parsons akajiuliza kwa nini namba zisiiendeshe mashine zenyewe. Mwaka 1949 jeshi la anga la Marekani lilitoa fedha, chuo cha MIT kikaingia kazini, na mwaka 1952 ikaonyeshwa hadharani mashine ya kukata chuma iliyoongozwa na utepe wa karatasi wenye matundu. Mashine ya karakana yetu ni kitukuu cha ile.

Hapo pana njia panda ambayo watu wengi hawaifahamu. Katika miaka hiyo hiyo ya 1940 kulikuwa na wazo jingine. Fundi stadi alitengeneza kipande cha kwanza kwa mkono wake, na mienendo yote ya mashine ikanaswa kwenye utepe wa sumaku. Baadaye utepe ulirudishwa, na mashine ikaurudia mwendo wa fundi kama redio inavyorudia sauti ya mwimbaji. Kampuni ya General Electric iliijaribu njia hiyo, nayo ilifanya kazi. Hata hivyo njia ya namba ndiyo iliyoshinda. Mwanahistoria David Noble, katika kitabu chake cha mwaka 1984 kiitwacho Forces of Production, alitoa hoja kwamba sababu haikuwa ufundi peke yake. Utepe wa kwanza ulitoka kwa fundi, na hivyo fundi alibaki na ujuzi wake. Utepe wa pili ulitoka ofisini, na wakubwa wa viwanda waliupenda kwa sababu hiyo.

Nilipoyasoma hayo nilisimama. Niliona kwamba na mimi nilikuwa nimesimama kwenye njia panda ile ile, na mjomba alikuwa bado hai.

Nikajaribu kwanza njia ya utepe wa fundi. Siku hizi kuna skana zinazopima uso wa kitu kwa mwanga. Nikaazima moja, nikaupima ubao wa zamani aliouchonga mjomba alipokuwa na nguvu zake, nikauchonga upya. Nakala ilikuwa sahihi hata nikaona alama za patasi yake. Lakini mteja alitaka mlango mpana zaidi. Nilipoikuza nakala mara moja na nusu, kina nacho kilikua mara moja na nusu, na vivuli vikawa vizito kama pango. Nilipokipunguza kina, kila kitu kilififia kwa pamoja. Nilikuwa na kila nukta aliyoipitia mjomba, ila sikuwa na sababu ya hata nukta moja. Nakala inajua wapi, haijui kwa nini.

Msomaji anaweza kulijaribu jambo hili bila mashine yoyote. Chukua sarafu ya shilingi 200 ya Tanzania yenye sura ya Mzee Karume, uitazame kwa pembeni. Uso wote, tangu sikio hadi shavu, umeinuka kwa kimo kisichofika hata milimita moja. Mtengeneza sarafu hakukichukua kichwa cha mtu akakibana sawasawa kama chapati. Ameamua wapi papewe kimo na wapi panyimwe, ili mwanga ukipita jicho lione kichwa kizima. Donatello alifanya hivyo huko Florence, yapata mwaka 1417, alipochonga chini ya sanamu ya Mtakatifu George nakshi ya marumaru iliyo nyembamba mno, ambayo hata hivyo jicho huona ndani yake uwanja unaokwenda mbali. Kina cha nakshi si kina cha kitu chenyewe. Ni bajeti, na mchongaji ndiye anayeigawa.

Basi nikarudi barazani kwa mjomba, safari hii bila ubao. Nilikwenda na daftari, kipimo cha milimita na kipande cha mninga.

"Mjomba, nionyeshe waridi moja. Usilimalize. Nionyeshe tu unaanzia wapi."

Akacheka. Akaniambia nimletee bobari, ile patasi yake yenye mdomo wa mviringo. Mkono ulitetemeka hewani, lakini ncha ilipogusa mti ukatulia, kama mzee anayefika kwenye ukuta anaoujua. Kwanza alichimba uwanja, yaani ile sehemu ya chini inayolizunguka ua. Kisha akaamua petali ipi inapita juu ya ipi, akazitenganisha kwa mkato mmoja kila mahali. Halafu akaishika petali yenyewe, na hapo ndipo nilipokaza macho. Hakuizungusha mgongo. Aliichimba bonde. Bobari ilishuka kutoka karibu na ukingo, ikazama katikati, ikapanda tena kuelekea kitovu cha ua, na ukingo ukabaki mwembamba, mkali, umesimama juu ya uwanja.

"Hapa ndipo jua linapokamatwa," akasema, akigusa ukingo kwa ukucha. "Ukiufanya mviringo, jua linateleza linakwenda zake."

Nilipima. Ukingo ulikuwa milimita 2 chini ya uso wa ubao, bonde milimita 5, uwanja milimita 9. Petali zote za waridi lile zilikuwa mabonde. Nilikuwa nimechora vilima mahali pa mabonde, na mjomba alikuwa amelijua hilo kwa kiganja kabla hajaangalia. Imevimba. Hakuwa ananitukana. Alikuwa ananipa kipimo.

Sasa niliweza pia kuona kwa nini programu ilinipeleka kwenye vilima. Namna ya kuielezea kompyuta mikunjo ilitengenezwa kwa ajili ya magari. Paul de Casteljau aliianza katika kampuni ya Citroën mwaka 1959, lakini waajiri wake wakaifanya siri. Pierre Bézier wa Renault aliichapisha mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mikunjo hiyo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Kila ninapoburuta vile vishikio viwili vya mstari katika kompyuta yangu, natumia hesabu yake. Umbo la gari lilikuwa likifinyangwa kwanza kwa udongo, na udongo huongezwa. Bawa la ndege nalo ni kitu cha mgongo wa mviringo ambao upepo unateleza juu yake. Huu ni mtazamo wangu tu, lakini naamini kwamba chombo hurithi tabia za kazi iliyokizaa. Programu yangu ina ukoo wa mabawa na mabati ya gari, vitu vinavyotaka upepo uteleze. Nakshi yetu imezaliwa na patasi, na patasi haina uwezo wa kuongeza kitu. Inaondoa tu, na inataka mwanga ushikwe.

Kuanzia hapo kujifunza kwangu kulibadilika. Sikuitafuta tena amri ya kuinua. Nilichora mkato wa petali kwa pembeni, kama mtu aliyeikata kwa kisu na kuutazama unene wake, nikauburuta mkato ule kuzunguka ua. Nilichora kwanza uwanja, halafu mpangilio wa kupitana, halafu bonde, na mwisho ukingo, kwa utaratibu ule ule wa mjomba, japo kompyuta hainilazimishi kufuata utaratibu wowote. Katika mnyororo niligundua kwamba pale kiungo kimoja kinapopita chini ya kingine, mjomba hukizamisha kabla hakijafika, kwa mteremko mrefu, ili jicho liamini kwamba kinaendelea chini. Mimi nilikuwa nikikikata ghafla mpakani, kikaonekana kimekatwa kwa msumeno.

Hesabu za ukataji nazo zilipata maana. Biti yangu ya kumalizia ina ncha ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 3. Nikiisogeza milimita 0.3 kati ya mstari na mstari, matuta inayoyaacha ni madogo kuliko sehemu moja ya mia ya milimita, na mkono hauyahisi. Lakini kwa ubao wa milimita 400 kwa 300, mistari hiyo ni 1,000, na biti inasafiri mita 400. Kwa mwendo wa mita 2 kwa dakika, ni dakika 200. Nikisogeza milimita 0.6, muda unapungua kwa nusu na matuta yanakua mara nne. Mjomba naye alikuwa na hesabu yake: mahali pa juu panapoguswa na mikono hulainishwa, uwanja wa chini huachwa na alama za patasi, maana kivuli hakihitaji kulainishwa. Nikamfuata. Uwanja nikaupa hatua pana, petali nikazipa hatua nyembamba, na kazi ikapungua kwa zaidi ya saa nzima, ikawa nzuri zaidi.

Liko jambo ambalo mashine yetu haiwezi kabisa. Biti inashuka kutoka juu, kama jua la saa sita mchana, na kisichoonekana kutoka juu haikifikii. Haiwezi kuingia chini ya jani. Mchongaji huchimba kidogo chini ya ukingo, na huo mkato wa siri ndio unaofanya jani lionekane limeelea. Tena mashine haijui nyuzi za mti zinaelekea wapi. Inakata kwa nguvu ile ile upande unaokubali na upande unaochanika. Kwa hiyo nikarudi pale pale alipokuwa Jordan mwaka 1845. Mashine inaanza, mkono unamaliza. Mjomba alikuwa na nguvu za robo saa kwa siku, na robo saa inatosha kuingia chini ya kingo za mawaridi manne. Binti yangu alikaa pembeni yake akimshikia ubao, na baada ya wiki chache nikamkuta ameshika bobari yeye, mjomba ndiye anayeshika ubao.

Sitaki kuisimulia habari hii kana kwamba ni ya furaha tupu. Mteja wetu, mwenye nyumba ya wageni, aliagiza milango minne. Alipoiona miwili ya kwanza aliipenda, kisha akanitaka niandike kwenye stakabadhi kwamba imechongwa kwa mkono mtupu, apate kuwaambia wageni wake. Nilikwenda kumwuliza mjomba, na nakiri kwamba nilitumaini ataniruhusu, maana fedha zilikuwa zinahitajika.

Akafikiri kidogo. "Andika kilichotokea," akasema.

Niliandika kwamba ubao umechongwa na mashine kwa mchoro wetu na kumaliziwa kwa mkono. Mteja akachukua miwili, ile miwili mingine hakurudi kuichukua. Bado ninayo.

Lakini nililipata jambo jingine. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit el-Ajaib iliporomoka pamoja na mnara wake, katika Mji Mkongwe ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba vitu vile vipo na vitakuwapo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikipita mitaani na daftari langu, na wenye nyumba wakiniruhusu napima milango. Sipimi urefu na upana peke yake. Napima uwanja, bonde na ukingo, naandika ua lipi linapita juu ya lipi. Katika milango hiyo nimeona pia kwamba mafundi wa zamani hawakuwa watu wa kufunga milango yao kwa wageni. Kizingiti cha juu kilichokuwa bapa kikapata tao mwishoni mwa karne ya 19, kwa mikono na ladha zilizovuka bahari kutoka India, na leo tunaliita tao lile letu. Basi sioni aibu kwamba chombo changu kimetoka kwenye mapanga ya helikopta. Aibu ingekuwa kukiacha kiniamulie umbo la waridi.

Mwezi mmoja kabla hajaacha kabisa kushika patasi, nilimpelekea mjomba ubao mwingine. Nakshi ilikuwa mpya, haikunakiliwa popote, nilikuwa nimeichora mimi kuanzia mstari wa kwanza. Aliulaza mapajani kama siku ile. Akapitisha kiganja kwa urefu, akapitisha kwa upana. Kisha akaanza tena polepole, kwa ncha za vidole, ua kwa ua.

Katika waridi la tatu vidole vilisimama.

"Hapa pamechongwa," akasema.

"Na hapo pengine, mjomba?"

Akaendelea kupapasa. "Pengine bado."

Nikafungua daftari, nikamwomba anionyeshe wapi.